Chupa ya Tano

Mama hakuuliza meli inakwenda kufanya nini. Aliuliza nitalala wapi.

Tulikuwa Paje, siku ya bamvua, maji yamekupwa mpaka karibu na mwamba, naye amejifunga kanga kiunoni anafungia vishada vya mwani kwenye kamba. Nikamweleza kwamba kabini ni ya watu wawili, wote wanawake, mlango una komeo kwa ndani, na mwenzangu ni dada mmoja wa Mombasa. Akafunga taitai tatu nne, vile vikamba vya kufungia mwani, kabla ya kunijibu.

"Na mjomba wako nimwambie nini?"

"Mwambie nakwenda kupima joto la maji."

Hapo akanyanyua uso. "Mpaka huko mbali ndiko mnakokwenda kupima? Haya hapa," akayapiga maji kwa kiganja, "yamekuwa moto, na hajatokea mtu wa kuyapima."

Sikuwa na la kumjibu. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, na tangu hapo wanaokifanya ni wanawake zaidi kuliko wanaume. Wanalima aina mbili, spinosum na cottonii. Cottonii ndiyo yenye bei, na cottonii ndiyo inayokufa: hupauka, hulainika, hukatika vipande na kuondoka na maji. Wataalamu wanataja joto, wanataja magonjwa. Mama hutaja joto tu, na huyasema hayo amesimama ndani ya maji yenyewe, jambo ambalo mimi, kwa miaka yote ya chuo, nilikuwa nalifanya mara chache kuliko ninavyopenda kukiri. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili wa sayansi za bahari ambaye hajawahi kufika mahali asipoona nchi kavu.

Mjomba alikuja kuambiwa, akanuna, kisha akalegea. Siku ya safari alinipa tangawizi mbichi iliyofungwa kwenye gazeti.

Jina la meli sitalitaja. Nina kosa langu la kusimulia humu, na waliokuwepo usiku ule hawakuomba kuingizwa kitabuni. Itoshe kusema kwamba ilifunga gati Dar es Salaam mwezi wa Julai, ikiwa na urefu wa mita sabini na kitu, imepakwa rangi safi kuliko meli zote zilizokuwa bandarini, na kwenye shetri ilikuwa na mitambo ya kushusha na kupandisha vitu iliyoifanya ionekane kama gereji iliyotiwa baharini. Tulikuwa wanasayansi na wanafunzi wa nchi kadhaa. Wanafunzi tulikuwa sita, na sote tulibeba madaftari mapya.

Kila kitu ndani ya maabara kilikuwa kimefungwa. Kompyuta zilikuwa zimekazwa kwa mikanda, chupa zimekaa kwenye mashimo yaliyotobolewa mezani, viti vina minyororo. Nikadhani ni mbwembwe. Usiku wa kwanza, tulipoiacha Unguja nyuma na kuelekea mashariki, kusi likatupiga ubavuni na nikaelewa minyororo ni ya nini. Bahari ilinilevya siku mbili nzima. Sina maneno mazuri ya kuelezea hali ile. Nilitafuna tangawizi ya mjomba hadi mdomo ukawaka, nikanyonya malimau, nikakaa sitahani nikikazia macho mstari wa upeo kama nilivyoagizwa, na bado kila nilichokula kilirudi. Serahangi, mtu mzima ambaye ametumia maisha yake yote baharini, alinipita akasema kwamba siku ya kwanza mtu huogopa kufa, siku ya pili huogopa kwamba hatakufa. Siku ya tatu nikaamka na njaa, nikala sahani mbili za wali, na jambo lile likaisha kana kwamba halikuwahi kuwepo.

Zamu yangu ilikuwa ya saa kumi na mbili, kuanzia saa sita usiku hadi saa sita mchana. Wenye uzoefu walisema ni zamu mbaya. Mimi nilikuja kuipenda, kwa sababu usiku meli hubaki na watu wanaofanya kazi tu.

Wazee wetu wa majahazi walikuwa na bildi: timazi ya risasi kwenye kamba, inatupwa omoni, kamba inavutwa huku mtu anahesabu pima, pima moja ikiwa ni upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Kwa bildi unajua kina na, ukipaka mafuta chini yake, unajua kama sakafu ni mchanga au tope. Chombo tulichokishusha sisi ni mjukuu wa bildi aliyesoma sana. Wote hukiita CTD. Ni fremu ya chuma ya duara yenye vihisio katikati, vinavyopima chumvi, joto na mgandamizo wa maji mara nyingi kwa kila sekunde, na kuzunguka vihisio hivyo zimesimamishwa chupa ndefu za kijivu zilizo wazi juu na chini. Winchi huishusha kwa mwendo wa takriban mita moja kwa sekunde. Ukiitaka ifike mita 2,000, una zaidi ya nusu saa ya kutazama waya ukishuka na mistari ikijichora kwenye skrini: joto linaporomoka, chumvi inapanda na kushuka, oksijeni inapungua. Wakati wa kuipandisha, mtu aliyeko maabara huisimamisha kwenye kina alichochagua, anabofya kitufe, na chupa moja inajifunga huko chini ikiwa na maji ya pale pale. Ya kwanza hufungwa kilindini kabisa, ya mwisho karibu na uso wa bahari. Zetu zilikuwa kumi na mbili.

Mara ya kwanza nilipoifungulia maji chupa iliyotoka mita 2,000, mikono ilikufa ganzi. Juu ya bahari tulikuwa na nyuzi 26. Kule chini ni nyuzi tatu au pungufu. Maji yale hayakupoa hapo, jua la ikweta haliruhusu. Yalizama mbali sana, kwenye bahari za baridi, yakatambaa chini kwa chini kwa mamia ya miaka hadi kufika mbele ya pwani yetu, na sasa yalikuwa yananimwagikia kwenye viatu vya mpira. Nikayaonja. Ni ya chumvi. Sijui nilitegemea nini.

Foleni ya kuchota ina utaratibu mkali kuliko foleni ya benki. Wa kwanza ni mchotaji wa oksijeni, kwa sababu chupa ikishafunguliwa tu, hewa inaingia na oksijeni ya hewani inaanza kuyaharibu maji. Anafuata wa asidi na kaboni, kisha wa virutubisho, kisha wengine, na wa mwisho kabisa ni wa chumvi, ambayo haina haraka. Wote wanamsubiri wa oksijeni. Mimi ndiye niliyekuwa wa oksijeni.

Mbinu yenyewe ni ya mwaka 1888, ya mwanakemia wa Hungaria aitwaye Lajos Winkler, na mpaka leo vihisio vya kisasa husahihishwa kwayo. Unachomeka mpira mwembamba kwenye bomba la chupa kubwa, unaupeleka mpaka chini ya kichupa cha kioo, unayaacha maji yajae na kufurika mara tatu. Unatia dawa ya manganizi, kisha dawa yenye iodidi na magadi makali, unafunika upesi, unatikisa. Maji yanachafuka palepale. Yakiwa na oksijeni nyingi, machicha yake huwa ya kahawia, kama uji wa ulezi. Oksijeni ikiwa kidogo, hupauka, yakaelekea uji wa mchele. Baadaye unatia tindikali, yanageuka rangi ya chai ya rangi, unadondosha thiosulfeti tone kwa tone ukiwa umetia wanga, yanakuwa ya bluu nzito, halafu tone moja linaanguka na bluu yote inatoweka. Hesabu ya matone ndiyo hesabu ya oksijeni. Katika kazi zote za maabara nilizowahi kufanya, hakuna inayonifurahisha kuliko sekunde ile bluu inapopotea.

Sheria moja iko juu ya zote: kusiwe na kiputo. Kiputo kimoja cha hewa chini ya kifuniko kina oksijeni ya kutosha kuyadanganyia maji ya kilindini, ambayo yenyewe yana kidogo.

Usiku wa tano au wa sita, mnamo saa tisa, tulikuwa mashariki ya Pemba. Meli ilikuwa inapanda na kushuka. Chupa ya tano, iliyofungwa mita 800. Nikafunika, nikatazama, nikakiona: kiputo kama punje ya harage, kimekaa begani mwa kioo. Nyuma yangu watu wanne wameshika vichupa vyao, mmoja wao anapiga miayo, mwingine amekwisha kuniuliza mara mbili kama bado. Utaratibu ulikuwa nimwage, nichote upya. Nikatikisa, nikakipanga kichupa kwenye kreti, nikahamia chupa ya sita.

Nilipokuja kuvitazama vimesimama kwa mstari, niliona. Cha nne kimepauka, cha sita kimepauka, cha tano kati yao ni kahawia. Nikakisukuma nyuma kidogo, kwenye kivuli, kana kwamba rangi hiyo ingepungua kwa kutotazamwa.

Namba zilipatikana asubuhi. Mwalimu, mwanakemia wa makamo kutoka Tanga aliyekuwa akitusimamia, alikuwa na desturi ya kuzichora kwa mkono kwenye karatasi ya mraba iliyobandikwa ukutani, ingawa kompyuta ingezichora kwa sekunde. Alitia nukta ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano ikaruka nje ya mstari kama mtu aliyepiga chafya msikitini.

"Nani alichota ya tano?"

"Mimi, Mwalimu."

"Uliona nini?"

Nilifikiria kusema sikuona kitu. Wazo hilo lilikaa kichwani kwa muda ambao hadi leo unanitia haya. "Kiputo."

"Kwa nini hukumwaga?"

"Watu walikuwa wanangoja."

"Mwanangu, maji yale yamengoja huko chini miaka mingi. Hao wangengoja dakika mbili."

Nikashika kifutio. Nilidhani hiyo ndiyo toba yenyewe, kuifuta namba mbaya ili mchoro ubaki safi. Akanishika mkono. Kilichofuata ndicho nilichojifunza kwenye meli ile, mengine yote ningeyapata kwenye vitabu. Namba haifutwi. Inapigwa mstari mmoja tu, ili atakayekuja aweze kuisoma chini ya mstari huo. Pembeni unaandika kilichotokea: kiputo, saa tisa usiku, herufi za jina lako. Na kwenye faili la kompyuta, karibu na kila namba, kuna safu ya alama. Alama ya 2 maana yake kipimo ni kizuri. Ya 3, kinatiliwa shaka. Ya 4, ni kibaya. Namba yangu iliwekewa 4, na imo humo mpaka leo, kati ya jirani zake wenye 2, pamoja na herufi za jina langu.

Nimejiuliza sana ingekuwaje laiti kosa langu lingekuwa dogo zaidi, nukta ikaangukia karibu na mstari. Ingepita. Kinachonisumbua si nukta ile iliyoruka, ni zile zinazokaa vizuri.

Mwalimu hakulirudia tena jambo lile. Alipotaka kusema neno juu ya uangalifu, alizungumzia Mabahiss. Hiyo ilikuwa meli ya Misri, ndogo, ya mita 42 hivi, iliyojengwa Newcastle mwaka 1930. Septemba 1933 iliondoka Alexandria, ikapita Bahari ya Shamu, ikazunguka Bahari ya Arabia, na Januari 1934 ilikuwa hapa kwetu, ikishusha nyavu na chupa kwenye maji ya Zanzibar. Fedha za msafara zilitokana na urithi wa Sir John Murray, ambaye alipokuwa kijana alisafiri na meli ya Challenger, ile ya mwaka 1872 hadi 1876 ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyoanzisha sayansi ya bahari. Kiongozi alikuwa Mwingereza, Seymour Sewell. Lakini mabaharia wengi walikuwa Wamisri, na miongoni mwa wanasayansi walikuwemo Wamisri wawili: Abdel Fattah Mohamed, upande wa kemia na fizikia, na Hussein Faouzi, daktari wa tiba aliyegeukia viumbe vya baharini, ambaye baadaye aliandika kitabu cha safari ile akijifananisha na Sindbadi. Karibu miezi tisa waliishi ndani ya chombo ambacho urefu wake haukufika theluthi mbili ya urefu wa meli yetu. Ni msafara huo ulioonyesha kwamba kuna maji ya kina cha kati huko Bahari ya Arabia ambayo karibu hayana oksijeni kabisa, na kwamba sakafu ya bahari inayoguswa na maji hayo, mbele ya Oman, karibu haina kiumbe. Walijua kwa njia ile ile ya Winkler, kwenye meli iliyokuwa ikiyumba kuliko yetu. Mwalimu alipenda kuuliza: mnadhani wao hawakuwa na viputo?

Nilikuwa nimefundishwa majina ya Wazungu wa Challenger tangu mwaka wa kwanza. La Abdel Fattah Mohamed nililisikia kwa mara ya kwanza kwenye meli, saa kumi alfajiri, kutoka kwa mtu aliyekuwa anaosha vichupa.

Kuna wakati mwingi wa mazungumzo kwenye utafiti wa bahari, jambo ambalo filamu hazionyeshi. Kati ya kituo kimoja cha kupimia na kingine ni saa mbili, tatu. Dada wa Mombasa, mwenzangu wa kabini, alikuwa anasomea sakafu ya bahari, na ni yeye aliyenisimulia kisa cha Marie Tharp. Marekani, miaka ya 1950, Tharp alichora ramani za sakafu ya Atlantiki kwa kutumia vipimo vilivyoletwa na meli ambazo yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuzipanda, kwa kuwa ni mwanamke. Mwaka 1952 aliona kwenye michoro yake bonde limepita katikati ya safu ya milima iliyo chini ya bahari. Mwenzake Bruce Heezen akalipuuza, akasema ni maneno ya kike. Wakaja kuliamini, na katika mambo yaliyowasaidia kulielewa ni Bonde la Ufa la huku kwetu Afrika Mashariki, linalofanana nalo na kuunganika na mtandao huo huo wa nyufa kupitia Ghuba ya Aden. Ilifika 1968 ndipo Tharp alipopanda meli ya utafiti. Tulikuwa tumelala kila mmoja kitandani kwake, taa imezimwa, komeo limefungwa kama nilivyomwahidi Mama. "Miaka kumi na sita," dada akasema gizani. "Mimi ningekuwa nimeshamtia mtu baharini."

Lipo jambo jingine ambalo halimo katika kitabu chochote cha mbinu za utafiti, nalo ni kibla. Pemba na Makka ziko karibu kwenye longitudo moja, nyuzi 39 na ushei mashariki, kwa hiyo kwetu kibla ni kaskazini, haina hesabu. Lakini meli ndiyo inayogeuka. Tukisimama kupima, nahodha huielekeza omo kwenye upepo, na Julai upepo ni kusi, basi nikisali nilielekea shetri. Tukienda mashariki nilielekea ubavu wa kushoto. Afisa wa zamu, mtu wa Ulaya Kaskazini asiye na dini yoyote kwa maneno yake mwenyewe, alizoea kunipigia simu maabara kabla ya alfajiri na kuniambia nyuzi za dira, bila salamu, kisha anakata.

Huyohuyo ndiye aliyenionyesha jambo la kusi. Nilimuuliza kwa nini Somalia, ambako upepo ni huu huu, bahari ina samaki wengi vile. Akachora. Mwaka 1882 mwanafunzi mmoja wa zoolojia wa Norwei, Fridtjof Nansen, mwenye umri wa miaka 20, aliacha darasa akapanda meli ya wawinda sili iitwayo Viking, kwenda kuzoea bahari ya barafu. Alirudi ameambukizwa. Miaka kumi na moja baadaye aliipeleka meli ya Fram kwenye barafu ya kaskazini na kuiacha ichukuliwe nayo, na katika safari hiyo alibaini kwamba barafu haiendi unakoelekea upepo, bali hupinda kuume. Akampelekea swali hilo profesa mmoja, Vilhelm Bjerknes, aliyempa mwanafunzi wake, Vagn Walfrid Ekman, na Ekman akalifumbua kwa hesabu: mzunguko wa dunia huyapindisha maji yanayosukumwa na upepo, kuume upande wa kaskazini wa ikweta, kushoto upande wa kusini. Basi kusi likipiga sambamba na pwani ya Somalia, maji ya juu huondoka kwenda bahari kuu, na maji baridi yenye rutuba hupanda kushika nafasi. Kusi hilohilo likipiga kwetu, kusini mwa ikweta, maji husukumwa kushoto, yaani pwani, yakarundikana na kuzama. Rutuba inabaki chini. Kaskazi ndilo hutupa nafuu kidogo, sehemu kama mlango wa bahari wa Pemba.

Ndiyo maana maji yetu ni ya bluu na maangavu namna ile. Watalii wanayapenda kwa sababu yana njaa.

Jina la Nansen, kwa njia, limekuwa likipita kwenye maji haya kwa miaka mingi: meli ya utafiti ya Norwei iitwayo Dr. Fridtjof Nansen ilianza kazi mwaka 1975, ikafuatwa na ya pili mwaka 1993 na ya tatu mwaka 2017. Zote zimepima samaki na bahari za nchi zinazoendelea, ya sasa ikipeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa, na zimechukua watafiti wa nchi husika. Wengi wa walimu wangu walipanda meli mara ya kwanza kwa njia hiyo.

Jioni, kabla sijalala, nilikuwa napitia chumba cha mashine za mwangwi. Mashine hizo hupeleka sauti chini na kusikiliza inavyorudi, na sakafu ya bahari hujichora kama mstari mwekundu. Juu ya sakafu hiyo, mita mia nne au mia tano chini ya meli, kulikuwa na utepe mwingine, mpana, wa kijani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wanamaji waliouona waliudhania ni sakafu. Kisha jua linatua, na sakafu inapanda. Niliutazama ukipanda kwa macho yangu, polepole, hadi ukajisambaza karibu na uso wa bahari giza lilipoingia. Ni viumbe: samaki taa, kamba wekundu, ngisi wadogo, wanaokuja juu kula usiku na kushuka kabla ya mapambazuko, kila siku, bahari zote. Tulipitisha wavu. Samaki taa hawazidi kidole, wana vitone vya mwanga tumboni vilivyopangwa kama vifungo vya shati. Mpishi aliomba ndoo moja awakaange. Akanyimwa, akachukia kwelikweli.

Siku ya mwisho ya vilindi tuliruhusiwa kufanya upuuzi ambao wanafunzi wa meli zote hufanya. Unachukua kikombe cha plastiki povu, unakiandika kwa kalamu ya wino, unakitia kwenye soksi, unakifunga kwenye fremu ya CTD na kukishusha. Kwenye mita 2,000 mgandamizo ni mara mia mbili ya ule wa hapa juu, hewa yote iliyomo kwenye povu inakamuliwa, na kikombe kinarudi kimekuwa kigumu na kidogo, maandishi yamesinyaa nacho. Changu nilikiandika jina la Mama na Paje. Kilirudi sawa na kikombe cha kahawa chungu.

Nilimpelekea bamvua lililofuata. Alikigeuzageuza, akakinusa.

"Ndiyo mshahara wenyewe huu?"

"Zawadi, Mama."

"Na maji? Moto au si moto?"

Nikaanza kumweleza. Kwamba tulipima bahari kuu, si ndani ya mwamba. Kwamba Julai ni msimu wa baridi. Kwamba safari moja haisemi kitu, inatakiwa miaka, mahali palepale, kwa chombo kilekile. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea kufunga.

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, Mama."

Nilikuwa nimeazima kipimajoto cha maabara. Tukakifunga kwa taitai kwenye kigingi cha pembeni cha shamba lake, na nikampa daftari la mraba lenye safu tatu, tarehe, saa na nyuzi, pamoja na nafasi pembeni. Siku hiyo, saa nne asubuhi, aliandika 28 kwa mkono wake. Nikarudi mjini.

Wiki mbili baadaye akanipigia simu. Nilisikia upepo na sauti za wanawake wengine.

"Leo imeonyesha 31. Lakini nilikitoa majini kwanza, nione vizuri, ndipo nikasoma. Niandike, nisiandike?"

"Andika. Halafu pembeni andika kwamba ulikitoa."

"Nafasi yenyewe finyu, nitaandika yote hayo?"

"Basi weka nne."

"Nne ya nini?"

"Weka tu, Mama. Nikija nitakueleza."